Tochi Hukunjwa Jioni



Nilipoanza kazi ya usanifu wa barabara nilichora lami, mitaro na makalavati kwa uangalifu mkubwa. Sikumbuki kuchora mtu. Mwenda kwa miguu aliongezwa mwishoni, bajeti ikibaki, na bajeti haikuwa ikibaki.

Ajali ikitokea, tangazo tunalijua: uzembe wa dereva. Huenda ni kweli. Lakini uzembe ule ule, mahali pamoja huishia kwenye bampa lililobonyea, mahali pengine huishia msibani, na mara nyingi tofauti hiyo ilishaamuliwa kwenye meza ya mchoraji.

Tufanye hesabu. Mtoto anachomoka nyuma ya daladala, mita 14 mbele ya gari. Dereva huhitaji kama sekunde 1 kushtuka na kukanyaga breki. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, lami kavu na breki nzima, gari litasimama kabla ya kumfikia, ingawa itabaki hatua moja tu. Akiwa kwenye 50, mita hizo 14 zinakwisha mguu ukiwa ndio kwanza umegusa breki. Mtoto atagongwa kwa kasi ile ile ya 50, na dereva hata hakuvunja sheria, maana 50 ndiyo iliyoandikwa kwenye kibao.

Na kibao chenyewe nani anakitii? Tunatandika lami pana, iliyonyooka kama rula, katikati ya kijiji; barabara inamwambia dereva akimbie, kibao kinamwambia apunguze. Barabara hushinda. Kisha tunamweka trafiki na tochi ya kupimia mwendo chini ya mwembe, na madereva wanaonyana kwa kuwashiana taa. Jioni tochi hukunjwa. Tuta la barabarani hubaki pale pale.

Tazameni barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyozinduliwa 2012. Watu waliendelea kugongwa wakivuka njia nane, wakaitwa wakaidi kwa kuwa madaraja ya kuvukia yalikuwepo. Mimi nauliza: mama mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni, kwa nini apande na kushuka ngazi zote zile ili gari lisipunguze mwendo? Daraja la namna hiyo, kwa maoni yangu, limejengwa kwa ajili ya gari.

Hapa Dar es Salaam, shirika la Amend lilichukua njia nyingine kwenye maeneo ya shule: matuta, vivuko, njia za pembeni za kutembelea, vizuizi, na pengine kuhamisha lango la shule lifungukie mtaa wenye magari machache. Majeraha ya watoto yalipungua kwa takriban robo, na 2019 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji. Vifaa vyake? Saruji, rangi, nondo.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wamenisikia nikigoma kusahihisha mchoro usioonyesha lango la shule, kituo cha daladala na genge la mboga. Hukasirika. Wiki inayofuata huenda site saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakasimama kando ya barabara, wakahesabu sare.