UONGOZI WA USHIRIKA NI KAZI YA WOTE

(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama wa chama chetu cha msingi kabla ya msimu wa korosho. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo, na wale waliokuwepo wakasahau.)



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya uongozi wa ushirika. Nitasema polepole ili twende pamoja. Maana neno la ushirika likieleweka na watu watatu tu, hilo si la ushirika tena, limekuwa la watu watatu.

Nasikia barazani watu wanasema, "Mambo ya chama muulizeni mwenyekiti, sisi kazi yetu kuleta korosho." Mwingine anaongeza methali: "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Methali hiyo ni ya kweli, na sisi watu wa pwani tunaijua kuliko watu wa bara. Lakini methali inasema manahodha wengi. Haikusema mabaharia walale! Anayeshika usukani ni mmoja. Wengine wanatweka tanga, mwingine anatoa maji, mwingine yuko omo anatazama fungu na mwamba. Huyo wa omo akiona mwamba akanyamaza ati anamheshimu nahodha, chombo kitapasuka, na wote wawili wamo ndani.

Basi tuulizane: chama hiki ni cha nani? Katika kampuni ya tajiri, mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti kubwa. Ushirika sio hivyo. Mwenye mikorosho mia tano ana kura moja, na bibi mwenye mikorosho kumi ana kura moja. Kanuni hiyo ni ya zamani. Waliifuata wale wafumaji na wenzao wa mji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844. Lakini kura ya mtu asiyejua habari za chama chake ni kama mtumbwi usio na kafi. Unao, lakini hauendi.

Ndugu zangu, hili silisemi kwa kubuni. Liko katika historia ya nchi yetu.

Hapa kusini, upande wa Songea, kulikuwa na kijiji cha Litowa na vijiji wenzake, vilivyoungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma miaka ya 1960. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Ndugu Ntimbanjayo Millinga. Kule mkutano wa kijiji ndio uliopanga kazi na kugawa mapato. Walikuwa na shule yao na mashine ya kusaga nafaka. Kiongozi hakuamua peke yake kisha akawaita watu wapige makofi. Watu waliamua, kiongozi akatekeleza. Chama kile kilivunjwa Septemba 1969 kwa uamuzi wa Kamati Kuu ya TANU, na mali zikachukuliwa. Mimi ni mtu wa chama cha siasa, lakini nalisema wazi: uamuzi ule haukutoka kwa wanachama wenyewe.

Sasa tazameni vyama vya mazao. Mwaka 1966 iliundwa kamati maalumu ya Rais kuchunguza ushirika. Ilikuta nini? Ilikuta wanachama hawakuelimishwa juu ya vyama vyao. Ilikuta watumishi wenye ujuzi ni wachache, demokrasia ni haba katika vyama vikuu, na siasa inaingilia kazi za ushirika. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, Serikali ikavunja vyama vikuu vyote. Korosho zikabaki mikononi mwa Mamlaka ya Korosho. Wazee mnakumbuka: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 hazikufika hata tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao, bei ndogo, ugonjwa wa ubwiri unga. Kuvunjwa kwa ushirika si sababu ya yote. Lakini mkulima aliyekuwa na malalamiko hakuwa tena na chama cha kusemea. Vyama vikuu vilirudi kwa sheria ya mwaka 1982.

Somo ni moja. Wanachama wasipojua mambo yao, wachache wataiba, kisha wakubwa watasema, "Hawa hawajiwezi," na watakuja kuwaamulia. Mambo haya mawili yanafuatana kama mvua na matope.

Tukumbushane nani ana kazi gani. Meneja na karani wanafanya kazi za kila siku: kupima, kuandika stakabadhi, kutunza ghala. Bodi inawasimamia hao, haipimi korosho yenyewe. Na mkutano mkuu, yaani sisi sote, uko juu ya bodi. Meneja akijisimamia mwenyewe, au mwenyekiti akiwa ndiye karani na ndiye mweka fedha, hapo hakuna uongozi, kuna duka la mtu. Na mimi katibu wa tawi, na wenzangu wa serikali ya kijiji, ufunguo wa ghala hautuhusu. Tukiombwa ushauri tutatoa. Mkituona tunawachagulia mtu wa kusafirisha magunia, tukatazeni.

Katika darasa letu la watu wazima tulipiga hesabu hii ubaoni. Tuseme wanachama 200, kila mmoja analeta magunia 5, na kila gunia linapunjwa nusu kilo tu mizanini. Magunia 1,000 mara nusu kilo ni kilo 500. Tuseme bei ni shilingi 2,000 kwa kilo. Hiyo ni shilingi milioni moja! Nusu kilo haimwumizi mtu mmoja mpaka alie, ndiyo maana hakuna anayeuliza. Lakini wote pamoja tumepoteza milioni. Na mtu akipunjwa mizanini anakimbilia kwa mnunuzi wa kangomba, ambaye anampunja zaidi.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne, myazungumze:

Kwanza, mizani ijaribiwe kila asubuhi mbele ya wanachama wawili kwa jiwe lenye uzito unaojulikana.

Pili, baada ya kila mnada, bei iliyopatikana na makato yote, moja moja kwa jina lake, viandikwe kwenye ubao huu. Asiyejua kusoma asomewe. Haki yake ni sawa na ya anayejua.

Tatu, taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe wiki moja kabla ya mkutano mkuu, sio kusomwa mbio saa nane mchana watu wana njaa. Na mkaguzi akishapita, alichokikuta tukisikie wote.

Nne, kina mama. Wanaookota na kubangua ni wao, lakini mkutanoni wanakaa nyuma kimya. Katika nafasi mbili za bodi zilizo wazi, tuwapendekeze na wao.

Najua wajumbe wengine wa bodi watanuna, waseme hawaaminiwi. Hapana, ndugu zangu. Kiongozi mwaminifu ndiye anayefaidika na hesabu ya wazi, maana siku ya maneno ana ushahidi. Anayefanya kazi gizani, hata akiwa safi, atasemwa tu.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe wa ghalani. Wakija ishirini, ishirini ndio watakaoamua makato ya korosho zetu wote. Njoo na swali lako. Kama unaogopa kusimama, mwambie jirani akuulizie.



Katibu wa Tawi