Majina Vitabuni: Kutafuta Habari za Wazee wa Ukoo

(Hotuba iliyotolewa katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Mtu anayetaka kujua habari za baba wa babu yake huanza kwa wazee wa nyumbani kabla ya kufungua kitabu chochote. Wazee hawataji tarehe. Hutaja rika, njaa, vita na jina la mangi aliyetawala. Akiisha kuyaandika hayo, mlango wa pili ni ofisi ya usharika, panapotunzwa vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi.

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, nao walikuwa watu wa kuandika. Hata hivyo, watafutaji wengi hukwama katika jambo moja, nalo ni jina. Ukoo humkumbuka mtu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kanisa humfahamu kwa jina la ubatizo. Karani wa jeshi naye huenda aliandika la tatu, kama alivyolisikia. Tena Wajerumani waliandika kwa herufi zao: Machame ikawa Madschame, Moshi ikawa Moschi, Wachagga wakawa Dschagga. Asiyelijua hilo hupita juu ya babu yake bila kumtambua.

Maandishi yenyewe yametawanyika. Nyaraka za Misheni ya Leipzig zimo Halle, Ujerumani, na picha zake nyingi za kale huonekana katika mtandao wa University of Southern California. Mafaili ya utawala wa Kijerumani yaliyobaki nchini yamo katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam; yale ya Ofisi ya Makoloni yako Berlin, chini ya namba R 1001. Atakayeyafikia ajue kwamba mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa wakati ule huwashinda hata Wajerumani wengi wa leo. Baada ya wamisionari hao kuondolewa mwaka 1920, kazi ilisaidiwa na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, kwa hiyo habari za miaka iliyofuata hutafutwa ng'ambo ya pili ya bahari.

Kwa aliyekwenda vitani, kazi hutegemea ni vita gani. Askari wa Vita Kuu ya Pili hupatikana kwa urahisi zaidi. Batalioni ya 26 na ya 36 za King's African Rifles, zilizokuwa za Tanganyika, zilipigana Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw. Majina ya waliokufa huko bila kaburi kujulikana yamechongwa katika mnara wa Rangoon, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola huyaonyesha katika mtandao wake bila malipo. Mwenye namba ya jeshi ya babu yake ana ufunguo ulio bora kuliko jina.

Vita ya Kwanza ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi la Ujerumani iliteketea kwa mabomu huko Potsdam mwezi Aprili 1945. Upande wa Waingereza, walioiteka Moshi mwezi Machi 1916, watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja walitumika kama wapagazi. Wanahistoria wengi husema karibu 100,000 walikufa, na maradhi na njaa viliua zaidi ya risasi. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, sokoni, ambako wachache hulikumbuka wanaponunua nyanya. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haitaji jina la hata mmoja wao.

Mwaka 2021 Tume hiyo hiyo ya Makaburi ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika Vita ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, nayo ikaomba radhi. Tangu hapo imekuwa ikitafuta majina. Mwezi Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town mnara wa zaidi ya Waafrika Kusini weusi 1,700 waliokufa wakitumika katika vita hiyo, wengi wao katika Afrika Mashariki. Majina yao yalikuwa yamelala katika vitabu vya jeshi kwa muda wa karne moja. Leo kila mmoja ana nguzo yake ya mti, yenye jina na siku ya kufa.

Kwa mpagazi wa mlimani aliyebatizwa, kitabu cha usharika huenda kikawa andiko pekee linalomtaja. Kijana aliyebatizwa kabla ya 1916, ambaye baada ya hapo haonekani katika ndoa, wala katika ubatizo wa watoto, wala katika mazishi, anastahili kuulizwa. Pengine alihama. Pengine aliugua nyumbani na mwandishi hakupata habari. Lakini pengine bibi mmoja wa ukoo wake bado anakumbuka kwamba alichukuliwa kubeba mizigo akaenda kusini, na hakurudi. Neno hilo liandikwe pamoja na jina la msemaji na siku aliyosema, likawekwe karibu na kitabu kile, mahali ambapo mchwa hawafiki.