Shamba na Zizi: Amana Mbili za Mto Mmoja

Shukrani zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, tunajiusia nafsi zetu na kukuusieni nanyi kumcha Mwenyezi Mungu, kwa siri na kwa dhahiri.

Mazungumzo yetu ya leo yahusu riziki ya ardhi, na mfano wetu ni Kaunti ya Tana River nchini Kenya. Huko Wapokomo hulima mpunga, ndizi na maembe kandokando ya mto. Waorma na Wawardei huchunga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mto ni mmoja, haja ni mbili. Mkulima ataka ukingo apande. Mfugaji ataka njia ya kushukia majini, ambayo wenyeji huiita malka. Njia hiyo ikilimwa, mifugo yenye kiu hupita juu ya mazao, na hasira huzaliwa. Mwaka 2012 na mwanzo wa mwaka 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta ya mto huo, wakiwamo wanawake na watoto.

Ndugu zangu, kesi hii si ngeni. Qurani Tukufu yatusimulia habari ya kondoo walioingia shambani usiku wakaharibu mazao, na shauri likafikishwa mbele ya Nabii Daud na mwanawe Nabii Suleiman, amani iwashukie. Wafasiri wanaeleza kuwa Daud aliamua kondoo wapewe mwenye shamba. Suleiman, kwa ufahamu aliopewa na Mola wake, aliamua mwenye kondoo alitengeneze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, na mwenye shamba akae na kondoo kwa muda huo, anufaike na maziwa na sufu yao. Kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Tazameni hekima hiyo! Aliyedhurika alipata haki yake, wala mwenziwe hakufilisika. Shamba lilibaki, na zizi likabaki.

Basi nasi tuvilinde vyote viwili, wala tusiweke tegemeo letu katika jambo moja. Mwaka 1989 mto Tana uliacha njia yake, na mashamba ya umwagiliaji ya Hola yakakosa maji. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 mvua za misimu mitano mfululizo hazikutosha, mifugo ikafa kwa wingi. Kisha mwishoni mwa 2023, na tena 2024, yakaja mafuriko. Nabii Yusuf aliwafundisha watu wa Misri kuweka akiba katika miaka ya neema. Kutawakali si kukaa bure.

Mkulima na apande kunde, pojo na ufuta pamoja na mpunga, na atundike mizinga ya nyuki. Mfugaji na afuge mbuzi na ngamia pamoja na ng'ombe, na auze baadhi kabla kiangazi hakijawakondesha. Mabua yasichomwe, bali yawe chakula cha mifugo. Na samadi ya zizi irudi shambani. Hivyo jirani huwa akiba ya jirani yake, awe Mwislamu au asiwe Mwislamu. Nao wazee wa pande zote wakutane mapema, waziwekee malka alama, wala asizilime mtu.

Wala tusisahau zaka. Nafaka iliyostawi kwa mvua, ikifika kiwango chake, hutolewa sehemu moja katika kumi. Iliyomwagiliwa kwa gharama, nusu ya hiyo. Mali isiyotolewa haki ya maskini haina baraka.

Tujiulize: tutamjibu nini Mola wetu juu ya jirani aliyeuawa kwa sababu ya maji ambayo hakuna kati yetu aliyeyaumba?

Ewe Mola wetu, tupe mvua ya kheri, zibariki mbegu zetu na mifugo yetu, na uziunganishe nyoyo za wanaokunywa mto mmoja. Amin.