Somo kwa Redio: Nani Huisemea Kilambo?

Natumaini kila kikundi kimekwisha kaa, na karani ana karatasi na kalamu tayari.

Somo la leo latokana na swali la mama mmoja wa Kilambo, muuza samaki wakavu. Alinijia baada ya darasa la watu wazima, akasema: "Mwalimu, pale mtoni kivuko hungoja maji yajae. Yakipwa, sisi twavuka kwa mtumbwi, na mizigo yalowa. Nimemwambia mwenyekiti, akanituma kwa diwani. Diwani kasema jambo hili liko juu yake. Sasa huko juu ni kwa nani?" Nami, pamoja na hati yangu ya chuo kikuu, sikuweza kumjibu papo hapo. Niliona haya.

Basi twende pole pole. Ngazi ya chini ni kitongoji, nacho kina mwenyekiti wake wa kuchaguliwa. Juu yake ni kijiji. Hapa yafaa tukae kitambo, maana wengi hudhani serikali ya kijiji ni mwenyekiti na afisa mtendaji tu. Sivyo hata kidogo. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mwenye mamlaka ya juu kijijini ni Mkutano Mkuu, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume kwa mwanamke. Mkutano huu wapaswa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Chini yake iko Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Wajumbe hao walichaguliwa Novemba 27, 2024. Afisa mtendaji hakuchaguliwa na mtu. Yeye ni mwajiriwa, na kazi yake mkutanoni ni ukatibu.

Kata ina diwani, naye huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata ambamo wenyeviti wa vijiji huketi. Diwani huyo huingia katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, na mbunge pia ni mjumbe humo. Zamani halmashauri hii ilikuwa kubwa zaidi, lakini mwaka 2015 Nanyamba ilipata halmashauri yake na mbunge wake.

Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais. Wao huleta sauti ya Serikali Kuu kwetu, hatukuwatuma sisi. Mwenye busara husikiliza, lakini hutamwondoa kwa kura.

Sasa turudi mtoni kwa yule mama. Vivuko vya Serikali vimo mikononi mwa wakala wa Serikali Kuu uitwao TEMESA, chini ya wizara ya ujenzi. Ushuru wa forodha ni wa TRA, na pasi hutazamwa na Uhamiaji. Diwani hawezi kumwamuru hata mmoja wao. Kwa hiyo mwenyekiti na diwani hawakumdanganya mama. Kosa lao ni kutomwonyesha njia iliyobaki. Njia hiyo ni mbunge, awezaye kumwuliza waziri swali mbele ya Bunge kule Dodoma. Na ng'ambo ni Msumbiji, kwa hiyo mambo mengine yataka serikali mbili kukubaliana, kama zilivyokubaliana juu ya Daraja la Umoja huko Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010. Lakini Mtambaswala ni mbali sana kwa mwenye kapu la samaki.

Msidhani ni sisi tu. Huko Uingereza uko mji wa pwani uitwao Whitby, wenye baraza lake dogo la mji. Juu yake palikuwa na halmashauri ya Scarborough, iliyo jirani. Mwaka 2023 halmashauri hiyo ilifutwa, na kazi zake zikachukuliwa na halmashauri moja kubwa ya North Yorkshire, ambayo makao yake ni mbali na bahari.

Na hapa kwetu, kipande cha Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, kilichukuliwa na Wadachi mwaka 1894, kisha na Wareno mwaka 1916. Wenyeji hawakuulizwa mara zote mbili.

Kwa hiyo sauti ya Kilambo juu ya mto ni ndogo. Lakini juu ya ardhi si ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Mtu akitaka kiwanja karibu na kivuko, hapo yule mama ana kura sawa na ya mwenyekiti, mradi mkutano uitwe naye ahudhurie.

Kazi ya vikundi: karani aandike tarehe ya Mkutano Mkuu wa mwisho kijijini kwenu, na kama mapato na matumizi yalisomwa. Kama hakuna aikumbukaye tarehe hiyo, mwulizeni afisa mtendaji awaonyeshe kitabu cha kumbukumbu. Juma lijalo tutasoma majibu yenu. Kwaherini.