Filamu Haijafa
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa)



Nilipoombwa niseme machache, niliulizwa nitazungumzia jambo gani. Nikajibu kuwa ni upigaji wa picha kwa filamu. Mwenzangu mmoja, ambaye tulilala bweni moja miaka minne, alicheka sana akaniambia, "La kuvunda halina ubani." Leo yupo hapa, amekaa safu ya mbele, nami nimekuja kumjibu.

Kwanza nikubali lililo kweli. Makampuni makubwa yaliyotufundisha kupiga picha yameanguka au yameacha kazi hiyo. Kodak ya Marekani, ambayo mwaka 1888 ilimwezesha mtu wa kawaida kumiliki kamera, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Januari 2012. Konica Minolta ya Japani ilitangaza kuacha kamera na filamu mwaka 2006. Mwaka huo huo Nikon ilitangaza kuacha karibu kamera zake zote za filamu, na Canon ilimaliza kuuza ya mwisho mwaka 2018. Tena la kuchekesha ni kwamba kamera ya dijitali ilizaliwa ndani ya nyumba ya Kodak yenyewe. Mhandisi wake, Steven Sasson, aliiunda mwaka 1975, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti.

Lakini vijana, tuulize sababu. Je, yalianguka kwa kuwa filamu ilikuwa mbaya? Hasha. Viwanda vile vilijengwa ili vipake dawa ya fedha kwenye mikanda mipana kwa wingi mno, mchana na usiku. Wateja walipopungua, mtambo wa namna ile haukuweza kupungua pamoja nao. Meli kubwa haiwezi kuingia kijitoni. Maji yakipungua, hukwama. Mtumbwi hupita.

Na mitumbwi imepita. Ilford ya Uingereza ilifilisika mwaka 2004. Mwaka uliofuata mameneja wake sita waliinunua sehemu ya filamu, nayo ingali inatengeneza filamu nyeupe na nyeusi hadi leo. Polaroid ilipotangaza mwaka 2008 kuwa inaacha filamu ya papo kwa papo, watu wachache walinunua mitambo ya kiwanda cha Enschede, Uholanzi. Baadhi ya kemikali hazikuwa zikipatikana tena, ikabidi wabuni mchanganyiko mpya. Mwaka 2010 wakaanza kuuza. Hata Kodak ilitoka mahakamani mwaka 2013, na filamu zingali zinatengenezwa Rochester. Ile filamu yake ya rangi iitwayo Ektachrome, iliyoachwa mwaka 2012, ilirudi sokoni mwaka 2018.

Nawaletea na mfano mmoja unaotuhusu sisi tuliokutana hapa, wazee na vijana. Mwaka 2024 ilitoka kamera mpya ya filamu huko Japani, Pentax 17, ambayo mkanda wa picha 36 huutoa picha 72. Katika kuitengeneza, wahandisi vijana walikwenda kujifunza kwa wahandisi waliokwisha kustaafu, kabla ujuzi ule haujazikwa pamoja nao.

Sasa mtaniuliza: yote haya ya nini, na kila mtu ana simu mfukoni? Nitawapa sababu yangu.

Mwaka 1997, nikiwa kidato cha tatu, Chama cha Picha cha shule hii kilikuwa na kamera moja. Mwalimu wetu alikuwa akinunua mkanda mmoja wa picha 36, nasi tulikuwa tisa, hivyo kila mmoja alipata picha nne. Tuliwaza siku mbili kabla ya kubonyeza mara moja. Moja ya nne zangu nilimpigia mpishi wetu, amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko wake mkononi. Wenzangu walinisuta kwamba nimepoteza picha bure, maana wao walipiga timu ya mpira.

Mzee yule alifariki. Mwaka 2019 binti yake alinitafuta, akaniuliza kama katika picha zetu za shule yumo baba yake, kwani nyumbani hawakuwa na picha yake hata moja. Nilifungua kopo la biskuti ninamoweka negativu zangu, nikanyanyua vipande kimoja kimoja dirishani. Mzee alikuwemo, na mwiko wake. Sikuhitaji umeme wala neno la siri kumwona. Nilipeleka kipande kile studio, ikatolewa picha kubwa, na leo imetundikwa sebuleni kwa binti yake.

Na sasa nikiri kosa langu. Picha za mtoto wangu wa kwanza, za miaka yake miwili ya mwanzo, nilizihifadhi zote ndani ya kompyuta moja. Kompyuta ile ilikufa, nami sikuwa nimefanya nakala. Sisi tunaofanya kazi serikalini tunajua thamani ya masijala. Walakini nyumbani kwangu sikuwa na masijala. Mtoto yule sasa ananizidi urefu, na hana picha ya siku alipoanza kutembea.

Sisemi simu ni mbaya. Hata negativu huungua, na hushikwa na ukungu isipotunzwa mahali pakavu. Wala sifichi kwamba bei ya mkanda imepanda sana, na kuupata kwetu si rahisi. Ninachosema ni kuwa kitu kinachokupa nafasi nne tu hukufundisha kuchagua, na kitu unachoweza kukishika mkononi hukukumbusha kukitunza.

Ndugu Mkuu wa Shule, nina ombi. Kile chumba kidogo nyuma ya maabara, ambamo tulisafisha picha zetu, nimekiona leo asubuhi kimejaa madawati yaliyovunjika. Naomba kifunguliwe. Nimeleta kamera yangu ya zamani, mikanda kumi ya nyeupe na nyeusi, kopo la kusafishia na dawa zake. Kazi yenyewe haina uchawi: dawa ya kwanza huitoa picha, maji huisimamisha, dawa ya pili huondoa chembe za fedha ambazo hazikupigwa na mwanga, kisha huoshwa na kuanikwa. Karatasi ya maelekezo husema nyuzi joto 20, na maji yetu ni ya moto zaidi, hivyo tutakiweka kopo katika ndoo yenye barafu au tutapunguza dakika. Nitakuja Jumamosi moja kila mwezi, na wenzangu wawili wa Chama kile wamekubali kunisaidia.

Kwa wanafunzi, kazi ya kwanza ni hii. Msinipigie picha ya timu ya mpira. Nipigieni mlinzi wa lango, mpishi, mama anayewauzia maandazi, na nyuma ya kila picha mwandike jina na tarehe. Iko siku mtu atawatafuta.

Na wewe ndugu yangu wa safu ya mbele, ubani wako urudishe nyumbani. Hapa hapana msiba.