Mwaka wa 1947 katika Uingereza, na Njugu za Kongwa

Hotuba iliyosomwa mbele ya Masheha, Walimu na Wazee, Chake Chake



Nimetakiwa nieleze habari za mwaka mmoja wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, nami nimechagua mwaka wa 1947. Wengi hudhani kwamba ashindaye vita hurudi kwake akastarehe. Sikilizeni yaliyowapata washindi hawa.

Mwaka ulianza kwa shangwe. Tarehe 1 Januari machimbo ya makaa ya mawe yalitwaliwa na Serikali yakawa mali ya taifa, jambo ambalo wachimbaji walilitaka kwa miaka mingi. Lakini kabla mwezi haujesha ikaanguka theluji, ikaendelea hata katikati ya Machi. Sisi ambao baridi yetu ni ya upepo wa kusi twaona taabu kuyafikiri hayo. Theluji ilizifunika reli, hata makaa yaliyokwisha chimbwa yakalala machimboni yasiweze kufika kwenye mitambo ya umeme. Viwanda vikafungwa, watu wapata milioni 2 wakakaa bila kazi kwa muda, na majumbani watu waliketi gizani wamevaa makoti. Theluji ilipoyeyuka yakaja mafuriko, yakaharibu mashamba.

Mkate haukupimwa hata siku moja wakati wa vita. Ulianza kupimwa Julai 1946, vita vimekwisha! Mwishoni mwa 1947 hata viazi vikapimwa. Nyama, siagi, sukari, sabuni na nguo vilinunuliwa kwa fedha pamoja na cheti, na asiye na cheti fedha yake haikumfaa. Sababu ni kwamba taifa lilimaliza mali yake vitani, na vyakula vingi vilinunuliwa Marekani kwa dola, nazo zilikuwa adimu. Tarehe 15 Julai, kwa sharti la mkopo wa Marekani, pauni iliruhusiwa kubadilishwa kwa dola. Dola zikatoka kama maji katika pakacha, hata tarehe 20 Agosti ruhusa ikasimamishwa. Katikati ya siku hizo ndipo Pakistan na India, wanunuzi wa karafuu zetu tangu zamani, zilipopata kujitawala.

Tarehe 20 Novemba Binti Mfalme Elizabeth aliolewa na Philip Mountbatten. Nguo yake nayo ilihitaji vyeti. Wanawake wengi walimpelekea vyao kwa posta, vikarudishwa, maana sheria ilikataza mtu kutumia cheti cha mwingine. Nakiri kuwa katika habari zote za mwaka ule hii ndiyo iliyonipendeza.

Sasa nafika kwenye jambo lililotoka kwao likafika pande zetu. Upungufu uliowasumbua sana ulikuwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel wa United Africa Company alitoa shauri kwamba karanga, ambazo sisi huku twaita njugu nyasa, zilimwe kwa mitambo katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe uliotumwa kuitazama nchi ulikaa wiki chache tu, na sehemu kubwa uliitazama kutoka angani kwa eropleni. Kisha likakubaliwa shauri la kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi katika Tanganyika, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Waziri wa Chakula, Bwana John Strachey, ndiye aliyelisimamia.

Kazi ilianza Kongwa, katika Ugogo, mwanzoni mwa 1947. Wazee wangu, nani kwetu apandaye mkarafuu asitazame kwanza udongo na maji? Mgogo yeyote angaliweza kuwaambia kwamba mvua ya kwao haiaminiki, na kwamba kiangazi udongo hukauka ukawa kama tofali. Trekta nyingi zilikuwa mabaki ya vita, zikavunjikavunjika juu ya mizizi. Watu wakafunga minyororo mizito ya meli kati ya trekta mbili ili kung'oa vichaka. Mwaka huo wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Wakati huo huo bei za vitu zilipanda kwa wenyeji. Septemba 1947 wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma wakidai mishahara iongezwe, na mgomo ukaenea kufuata njia ya reli. Mwaka uliofuata, 1948, wachukuzi wa Unguja nao wakagoma.

Mwanzoni mwa 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa shauri la Kongwa limeachwa, hasara yake ikiwa pauni milioni 36 hivi. Ile ardhi iliyong'olewa vichaka ikabaki kwa malisho ya ng'ombe, kazi ambayo Wagogo waliijua tangu awali. Mkate wa Waingereza uliachwa huru Julai 1948. Mafuta yaliendelea kupimwa hata mwaka 1954, na hayo yaliyowatosha mwishowe hayakutoka Kongwa.