Stesheni Wagoni ya Kifahari: Bei ya Kuinunua na Gharama ya Kuitunza



Mercedes-Benz E-Class yenye bodi ya stesheni wagoni, iliyokwisha kutumika Japani, huzivutia familia kwa sababu tunazozielewa. Buti lake ni kubwa, safari ya Moshi mwishoni mwa mwaka haiwachoshi watoto, na bei yake yaweza kukaribia ile ya gari la kawaida. Bei hiyo ndiyo inayotutia shaka.

Gari lililouzwa ghali likiwa jipya huendelea kudai vipuri vya ghali hata thamani yake ikishuka. Chukueni springi za nyuma. Katika matoleo mengi ya gari hili si za chuma, bali ni za mpira uliojazwa hewa, ili nyuma isiiname chini ya mizigo. Mpira huo huchakaa. Ukivuja, kompresa hufanya kazi bila kupumzika hadi nayo iharibike. Basi mwombeni muuzaji gari lilale mahali tambarare usiku kucha, nanyi mfike asubuhi kabla halijawashwa. Likiwa limeinama nyuma, tambueni kuwa hewa inavuja. Mkilikuta tayari linanguruma, rudini siku nyingine.

Kisha ingieni familia nzima, pamoja na mizigo. Wengi huona haya kufanya hivyo. Sisi hatuoni kwa nini.

Kabla ya kulipa, fundi wenu awaandikie bei ya springi zote mbili na kompresa, nanyi muijumlishe na bei ya muuzaji.